Pacha wa Upande wa Kabla

Binti wa mapokezi aliingia chumba cha kufulia akiwa ameitanguliza simu mbele yake kama mtu aliyebeba bakuli la supu ya moto. Mashine za kukaushia zilikuwa zinanguruma, mvuke umetanda, na Doto alikuwa kwenye pasi kubwa ya hoteli, anaingiza shuka upande huu na kuzipokea upande ule zikiwa zimenyooka kama karatasi.

"Bi Doto, hebu njoo uone," yule binti akapaza sauti. "Huyu si wewe?"

Doto alijifuta mikono kwenye aproni akaipokea simu. Lilikuwa tangazo. Nyuso mbili zimewekwa bega kwa bega, katikati yake kopo jeupe lenye mfuniko wa rangi ya dhahabu. Chini ya uso wa kushoto pameandikwa KABLA. Chini ya uso wa kulia, BAADA. Na chini kabisa: unga wa kolajeni, miezi mitatu tu, ngozi inarudi ujana, magoti yanasahau umri.

Uso wa kulia, uliong'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa, ulikuwa wa Kulwa, pacha wake. Uso wa kushoto ulikuwa wake yeye.

Picha yenyewe aliijua. Ilipigwa kwenye benchi la hospitali, siku mama yao alipozidiwa na pumu, na Doto alikuwa amekesha naye bila kupata hata lepe la usingizi. Kulwa alifika asubuhi, ananukia vizuri, akamwelekezea simu. "Geuka huku kidogo, nimtumie kaka huko safarini aliko, ajue tuko hapa." Doto akageuka. Kitambaa kimemlegea kichwani, macho yamevimba, midomo imekauka. Kumbe picha ya kaka ilikuwa na safari ndefu kuliko kaka mwenyewe.

"Ni mimi," akasema. "Yaani, huyu wa kushoto."

Binti wa mapokezi akamtazama, akaitazama simu, akamtazama tena. "Kwa hiyo ulishafika Baada, halafu ukarudi Kabla?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mfuaji mmoja akalazimika kukaa juu ya rundo la taulo. Wale wa siku nyingi walijua kuwa Doto ana pacha. Wapya hawakujua, na wakati ule hakuwa na hamu ya kuwaeleza. Akacheka nao, maana asingecheka wangemcheka zaidi. Akarudisha simu, akarudi kwenye pasi.

Lakini sura ile haikumwacha. Aliiona sura yake kwenye mlango wa kioo wa mashine, ikizunguka pamoja na taulo. Akaiona kwenye dirisha. Akaiona kwenye kijiko cha chai, imepinduka, mashavu yananing'inia. Akaacha foronya kwenye pasi ndogo mpaka ikatoa moshi, yeye ambaye tangu aanze kazi pale hakuwahi kuunguza hata leso. Msimamizi akamuuliza kama anaumwa. "Magoti," Doto akasema, na hilo halikuwa uongo, maana sakafu ya saruji ilikuwa imeyala magoti yake miaka mingi. Akapewa ruhusa. Akavua aproni, akatoka karibu anakimbia.

Kulwa alimtangulia kuja duniani kwa muda wa kutosha tu kukatwa kitovu, na tangu hapo hakuwahi kumwachia nafasi ya mbele. Yeye ndiye aliyekuwa "dada", Doto ndiye "mdogo wangu", ingawa utotoni hata baba yao alikuwa akimchapa mmoja kwa kosa la mwingine. Sasa walikuwa wanaelekea sitini. Kulwa alikuwa na saluni yenye viti vya kuzunguka na taa pembeni mwa vioo. Doto alikuwa na mume fundi friji, watoto waliokwisha kujitegemea, na mama yao, aliyehamia kwake tangu macho yalipoanza kumsaliti. Siku hizi watu walikuwa hawawachanganyi tena. Doto aliliona jambo hilo, ila hakuwahi kulisema.

Saluni ilikuwa imejaa. Kulwa alikuwa amekaa juu ya kiti kirefu katikati ya wateja, kopo mkononi, anaeleza. Alipomwona Doto nje ya mlango wa kioo, maneno yakamkatikia mdomoni. Akamwambia msaidizi wake jambo, akateremka taratibu, akatoka, akamshika Doto mkono na kumzungusha mpaka uani kwenye kamba za taulo, mkono mwingine ukipapasa ukuta. Doto aliuona mkono ule ukutani. Baadaye alijilaumu kwamba aliuona na hakuuliza, kwa sababu hasira ilikuwa imemjaa mpaka puani.

"Nimekuwa mfano wa ubaya," akasema. "Umenitundika mji mzima kama nguo chafu."

"Punguza sauti, wateja wanasikia."

"Wasikie! Umeandika ni mtu mmoja!"

"Si mtu mmoja kweli?" Kulwa akajaribu kutabasamu. "Sura ni moja, Doto. Mungu aliichora mara moja, akapiga chapa mara mbili. Mimi ningekaa miaka yote hii bila kujipaka kitu, ningekuwa vile vile. Kwa hiyo ni mimi. Mimi ambaye sijajitunza."

Maneno yale yalimwingia kuliko tangazo lenyewe. *Ambaye sijajitunza.* Akamtazama dada yake: ngozi laini, nyusi zimechongwa, nywele zimelala. Akataka kumuuliza nani alikuwa anamgeuza mama kitandani wakati yeye anajitunza.

"Iondoe," akasema tu.

"Nitaiondoa. Nipe mpaka Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kampuni inafanya mkutano mkubwa ukumbini, wanataka kunitangaza wakala mkuu wa eneo hili. Nikiiondoa leo wataniuliza kwa nini. Nakuomba, mdogo wangu." Akaingia ndani, akarudi na kopo. "Chukua. Si la kununua. Kijiko kimoja kwenye maji kila asubuhi. Utaniambia magoti yatakavyokuwa."

"Sitaki uchafu wako."

"Chukua."

Akalichukua. Njia nzima alilibeba chini ya kwapa kama kitu cha wizi, akapita jalala moja, akapita la pili, na kila alipopita alijiambia kwamba linalofuata ndilo.

Nyumbani mumewe alikuwa amechuchumaa nyuma ya friji la jirani, bisibisi mdomoni.

"Mume wangu," Doto akasema akiwa amesimama mlangoni, "mimi nimezeeka?"

Fundi aliitoa bisibisi mdomoni polepole, akaishika vizuri, kana kwamba ndiyo itakayomwokoa. "Kwa nini unaniuliza swali lenye shimo katikati?"

"Jibu."

"Mimi na wewe tumezeeka. Mimi nimetangulia." Akaona jibu halijatosha. "Unajua, friji likichoka, watu wanapiga rangi mlango. Linang'aa. Mimi nikija huwa siangalii mlango. Naangalia kama linagandisha."

"Kwa hiyo mlango umechoka."

"Mungu wangu!" akasema fundi, akarudi nyuma ya friji.

Doto alilificha kopo kabatini, nyuma ya mfuko wa unga. Asubuhi iliyofuata, kabla nyumba haijaamka, alichota kijiko, akakoroga. Maji yakatoa povu na harufu ya stroberi juu, na chini ya stroberi harufu nyingine, ya mbali, kama ya gundi. Akaziba pua akanywa. Kesho yake tena. Na tena.

Zikaanza siku za ajabu. Mtu ambaye alikuwa akinawa uso bila hata kuuangalia sasa alikuwa hawezi kupita mbele ya kitu kinachong'aa. Alijivuta ngozi ya shavu, akaiachia, akaangalia inarudi kwa kasi gani. Alipanda ngazi za hoteli akisikilizia magoti. Siku moja yakauma kidogo tu. Akafurahi mpaka akaimba. Kesho yake yakauma sana. Akaongeza kijiko cha pili. Msimamizi alikuwa amewaletea mikeka ya mpira ya kusimamia, nayo pia ilikuwa imepunguza uchungu wa miguu kwa kila mtu, kwa hiyo hakujua ashukuru mkeka au kopo. Usingizi ukawa wa mang'amung'amu. Hata kukaa chini kula ilimshinda. Alikula amesimama, anapanga vyombo, anafuta meza iliyokwisha kufutwa.

Kazini wakaanza kumfuata mmoja mmoja. Wengine walitaka kopo. Wengine walitaka kujua kwa nini kwake halijafanya kazi. Mpishi mkuu, mtu mzima na heshima zake, alimsimamisha koridoni akamnong'oneza kwamba mke wake anatumia, je, aendelee kutoa pesa au aache? Doto akamwambia hajui. Mpishi akamwangalia usoni, akaguna, akasema asante, jibu ameliona.

Mama yake ndiye aliyemkamata. Alikuwa haoni vizuri lakini pua ilikuwa nzima. "Unakunywa nini kitamu bila kunipa?"

"Dawa ya ngozi, mama. Na viungo."

"Nipe na mimi."

Akampa. Mama akaramba midomo. "Ndiyo hii anayouza mwenzako? Mwambie basi kama inarudisha vitu, mimi ngozi aniachie, anirudishie meno." Akanywa yote, akakiweka kikombe. "Mwenzako simsikii vizuri siku hizi. Akija hapa anakaa kiti cha mlangoni tu, na akiinuka anashusha pumzi kama mbeba magunia. Ana nini?"

"Hana kitu, mama. Ana raha zake."

Jumamosi ya mkutano ilipofika, Doto alikuwa zamu ya mapumziko, anafua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Simu ikalia. Ni Kulwa, na sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtoto.

"Njoo. Usimwambie mtu. Njoo sasa hivi."

Alimkuta sakafuni kando ya kitanda, ameegemea godoro, amevaa gauni la sherehe mpaka nusu. Goti la kulia lilikuwa limevimba, ngozi imevutika inang'aa. Juu ya meza ya kitanda, kati ya makopo meupe yenye mifuniko ya dhahabu, kulikuwa na pakiti za vidonge vya maumivu za kila rangi, nyingine zimeshatobolewa zote.

"Tangu lini?" Doto akauliza.

"Mwaka jana. Mwaka juzi. Sijui. Leo limejifunga kabisa, halikunjuki." Kulwa alikuwa analia lakini analia kwa uangalifu, kichwa kimeinamishwa nyuma, asije akaharibu wanja. "Doto, mkutano umeanza kujaa. Meneja amepiga simu mara nyingi. Wanamngoja yule wa kwenye picha."

"Waambie unaumwa."

"Niwaambie nauza dawa ya magoti na goti limenikataa? Nani atakuja tena kwangu? Hata kusuka hawatakuja." Akamshika mkono. "Wewe nenda."

"Mimi?"

"Keti hapo. Nitakupaka mimi mwenyewe."

Doto alipaswa kukataa. Maneno ya kukataa alikuwa nayo tele. Lakini alikuwa amechoka na kile kitu kilichokuwa kikimzungusha tangu siku ya tangazo, na sehemu fulani ya moyo wake, sehemu asiyopenda kuitazama, ilitaka kuona. Akaketi chini sakafuni, uso kwa uso na dada yake. Kulwa akamfuta jasho, akampaka krimu, akapiga poda, akamchonga nyusi kwa wembe mdogo, akamchora midomo. Vidole vyake vilikuwa vyepesi na vya haraka. Hajamgusa hivi tangu walipokuwa wasichana. Alipomaliza akampa kioo. Doto akaangalia na moyo ukampasuka paa. Ni Kulwa. Ni Baada mwenyewe, kazaliwa muda mfupi tu uliopita, kwa poda na wembe, si kwa kijiko chochote.

"Unaona?" Kulwa akasema taratibu, na hakusema anaona nini.

Ukumbi ulijaa wanawake na wanaume wachache walioletwa na wake zao. Meneja wa kampuni, kijana mwenye suti iliyombana na meno mengi, alimpokea mlangoni kwa kumkumbatia. "Mama yetu! Nilishaanza kupata presha!" Hakushtuka hata kidogo. Muziki ukapigwa, tangazo likaangaza ukutani, nyuso mbili kubwa kuliko mlango wa gereji, na Doto akapanda jukwaani chini ya uso wake mwenyewe.

Wakampigia makofi. Si makofi ya adabu, walisimama. Mtu mmoja akapiga vigelegele. Doto alikuwa amekaririshwa maneno machache: nilikuwa kama nyinyi, nikaanza kutumia, leo mnaniona. Akayasema. Makofi yakazidi. Na hapo kitu kikamtokea ambacho hakukitarajia: akaongeza ya kwake. Akasema alikuwa anashindwa kupanda ngazi. Akasema mumewe alikuwa hamtazami. Akasema sasa anapanda ngazi kama msichana na mume haachi kumwangalia. Wakacheka, wakapiga makofi, na yeye akasimama wima, shingo imenyooka, magoti hayamuumi kabisa, mwanga wa taa umemwagika usoni kama maji ya uvuguvugu.

"Maswali!" akasema meneja. "Mwulizeni mama, msiogope."

Mwanamke mmoja mstari wa mbele akainuka kwa kusaidiwa na mkongojo. Vidole vyake vilikuwa vimepinda pembeni, vyote upande mmoja. Hakushika kipaza sauti; akashikiwa.

"Mimi sina swali la ngozi, dada. Ngozi yangu niachieni hivi hivi." Watu wakacheka. "Nina ugonjwa wa baridi yabisi. Dawa za hospitali zilikuwa zinanichoma tumbo, nimeziacha. Aliyeniuzia kopo aliniambia hii inatosha. Mikono imeanza kuvimba tena, lakini nikasema ningoje nikusikie wewe, maana wewe umepita njia hii. Niambie kama dada. Inatosha?"

Meneja, pembeni ya jukwaa, alikuwa anatikisa kichwa juu chini, anatabasamu, anamwonyesha jibu. Doto akafungua mdomo. *Inatosha* ilikuwa pale pale kwenye ulimi, nyepesi, imepakwa stroberi. Akaviangalia vidole vile.

"Haitoshi, mama," akasema. "Rudia dawa zako. Leo leo. Kama zinakuchoma tumbo, mwambie daktari abadilishe, usiziache mwenyewe."

"Lakini wewe..."

"Mimi siye." Akageuka, akaonyesha uso wa kushoto pale ukutani. "Mimi ndiye huyo wa kushoto. Mimi ni Kabla. Wa kulia ni pacha wangu. Hakuna mtu aliyebadilika hapo, tuko wawili. Nilipigwa picha sijalala, yeye kapigwa kapambwa. Na mimi leo nimepambwa. Yeye yuko nyumbani, goti limemfunga, hawezi hata kufika chooni bila kushika ukuta."

Ukumbi ukafumuka. Wengine walizomea, wengine walicheka mpaka wakashikana mabega, mmoja akapiga kelele, "Futa poda tuone!" Meneja akaruka jukwaani, akanyakua kipaza sauti, na Doto alidhani sasa kampuni imekwisha. Lakini kijana yule alikuwa na ulimi.

"Mmeona ukweli wa familia yetu!" akasema. "Kampuni gani nyingine ingewaletea mtu mkweli namna hii? Na mama huyu anakunywa unga wetu, au hanywi?" Akamgeukia. "Mama, unakunywa?"

"Nakunywa," Doto akasema, maana ni kweli.

"Anakunywa! Na mtazameni!"

Muziki ukapigwa. Doto alipotelemka jukwaani akaona watu wanajipanga kwenye meza ya makopo, mstari umeshafika mlangoni. Yule mwanamke wa mkongojo peke yake ndiye aliyekuwa anaelekea njia nyingine, na alipofika karibu akamwambia, "Nishike mpaka getini, tafadhali. Halafu unifutie hiyo rangi, nikuone." Doto akamshika. Getini akajifuta kwa kitambaa, mama yule akamwangalia kwa makini, akasema, "Haya," akaingia kwenye gari la mwanawe.

Habari zilimfikia Kulwa kabla Doto hajafika. Mlango ulikuwa umefungwa. Alibisha, akaita, akabisha. Kutoka ndani ikaja sauti moja tu.

"Uongo wangu ungeusema wote, nisingejali. Goti langu lilikuwa langu."

Doto akasimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Alikuwa amejiandaa kwa matusi ya picha, ya kopo, ya uwakala. Si kwa hilo.

Kampuni ikampa uwakala mtu mwingine, wala haikuchelewa. Tangazo likaondolewa, likaja jingine lenye nyuso za watu wasiojulikana na mtu yeyote. Saluni iliendelea kufunguliwa na msaidizi. Mwenye saluni, alisema, anapumzika. Kila alipotoka kazini Doto alipita kwa dada yake, akaweka chakula mlangoni, akaondoka, akarudi hatua chache kuona kama kimechukuliwa, akaondoka tena. Kopo la kabatini hakuligusa, wala hakulitupa. Usiku fundi alikuwa anamwambia tulia basi, mke wangu, unaligeuza godoro kama chapati, naye anatulia kidogo, kisha anageuka tena. Mama yao hakuambiwa kitu na akajua kila kitu.

Halafu adhuhuri moja, wakati wa kupakua taulo, mfuaji mmoja akasema, "Bi Doto, umetoka lini? Si uko hapa?" Wote wakageuka. Mlango wa nyuma wa chumba cha kufulia ulikuwa wazi, na Kulwa alikuwa amesimama pale, ameegemea fremu, amevaa kanga na viatu vya kawaida, hana hata poda. Macho yamevimba. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi, chumba kizima kiliwachanganya.

"Nipeleke hospitali," akasema. "Peke yangu naogopa."

Daktari wa mifupa alikuwa mwanamke mfupi asiyependa kuzunguka. Alitundika picha ya goti kwenye taa, akaonyesha kwa kalamu. "Hapa kati ya mifupa kunatakiwa kuwe na gegedu, kama mto laini. Wako umelika. Hautarudi kama zamani. Lakini goti linaweza kutumika vizuri: kupunguza uzito, mazoezi ya kuimarisha misuli, dawa kwa kipimo si kwa kiganja, na baadaye tuone kama upasuaji unahitajika."

"Na kolajeni?" Kulwa akauliza, anaangalia sakafu. "Nimekunywa miaka miwili. Nimeuza."

"Sijasema ni sumu. Ukinywa, tumbo linaisaga kama protini nyingine. Kuna tafiti zinazoonyesha watu wengine maumivu yanapungua kidogo, na ngozi inashika unyevu kidogo. Nyingi zimelipiwa na wanaouza. Ukitaka, kunywa. Ila isikuzuie kuja kwangu." Akaandika, akanyanyua macho, akawatazama kwa zamu. "Yupi ndiye mgonjwa?"

"Wote wawili," Doto akasema. "Mimi yangu yameanza."

Ndivyo walivyojikuta kwenye ukumbi wa mazoezi ya viungo, chumba cha chini chenye dirisha refu na harufu ya mafuta ya kuchulia, wamelala chali juu ya magodoro membamba yaliyotandikwa karibu karibu kando ya ukuta, kila mmoja na mpira wa kuvuta umefungwa kwenye kifundo cha mguu. Walikuwa bado hawajazungumza la maana. Kulwa alisema tu yale ya lazima: nisogezee mto, nipe maji. Mtaalamu wa mazoezi, kijana mwenye sauti ya refa, alikuwa anatembea kati ya magodoro.

"Kuna mtu alirekodi," Kulwa akasema ghafla, macho darini. "Amenitumia. Nimekuangalia ukiwa jukwaani, kabla ya yule mama."

Doto naye akayakazia macho dari.

"Mumeo hamtazami," Kulwa akaendelea. "Unapanda ngazi kama msichana. Hayo sikukufundisha mimi."

"Hapana."

"Uliona raha."

Doto aliuvuta mguu, mpira ukalia kwichi. Angeweza kukataa. "Niliona raha," akasema. "Nyingi. Yule mama asingeuliza, ningeendelea mpaka jioni."

Doto alidhani ameharibu tena, akaanza kutafuta la kusema, mguu ukining'inia hewani. Kisha akasikia sauti ndogo, akageuza kichwa, akaona tumbo la dada yake linatikisika. Alikuwa anacheka, na wakati huo huo machozi yanamtiririka kuelekea masikioni, hajali yanaharibu nini.

"Basi ndivyo mimi nilivyokuwa nasikia kila siku," Kulwa akasema. "Kila siku, Doto. Ungeacha?"

"Sijui."

"Mimi pia sijui. Goti la mkutanoni sijakusamehe bado."

"Najua."

"Nitakwambia nikishakusamehe."

"Kina mama wa ukutani!" kijana akapaza sauti. "Mdomo haujaandikiwa mazoezi. Mguu juu, ukae hapo, usishuke mpaka niseme."

Wakainua miguu yao, mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto, ikatetemeka juu ya magodoro, na kijana yule, kwa ukatili wa watu wa fani yake, akaenda kwanza kumjibu mtu aliyekuwa anamwita mlangoni.